Upepo wa Kwapa Ambao Sikuupima

Mwezi uliopita alinitembelea kijana anayesomea hali ya hewa. Alikaa barazani pangu hapa Busia, akanywa chai, akaniuliza maswali mazuri tu: tulikuwa na vyombo gani, tuliandika wapi, nani alitufundisha. Mwisho akauliza, "Mzee, upepo mkali zaidi uliowahi kuupima ni upi?"

Nikamwambia upepo mkali zaidi maishani mwangu sikuupima. Akacheka, akidhani ni utani wa wazee, nami nikamwacha acheke. Alipoondoka nikaona nimerudia kosa langu la miaka ya sitini, la kunyamaza nikiulizwa. Kwa hiyo nakuandikia wewe kijana, na wenzako mnaoanza kazi hii.

Kituo chetu kilikuwa kidogo, kati ya Tororo na Malaba, pembeni mwa shamba la majaribio ya pamba. Usikitafute, kiling'olewa zamani. Tulikuwa watu wawili. Mkuu alikuwa Bwana Ochwo, Mjapadhola wa Paya, mtu mrefu aliyevaa shati jeupe hata siku ya kufyeka nyasi. Msaidizi nilikuwa mimi, Egesa, Msamia wa upande wa Kenya. Siku hizo hakuna aliyeshangaa Mkenya kufanya kazi Uganda. Nilivuka Jumatatu asubuhi, nikarudi kwetu Jumamosi, na askari wa mpakani alinijua kwa mlio wa baiskeli yangu.

Vyombo vya upepo vilikuwa vitatu. Kulikuwa na mshale wa bati juu ya mlingoti, wa kuonyesha upepo unatoka upande gani. Kulikuwa na mfuko mrefu wa kitambaa cha rangi ya chungwa, uliotundikwa kwenye uwanja wa nyasi ili rubani wa ndege ya kunyunyizia pamba dawa autazame kabla ya kutua. Halafu kulikuwa na kipimaupepo chenyewe: vikombe vitatu vinavyozunguka kwenye mhimili mmoja, na chini yake kidirisha cha namba kama kile cha maili kwenye gari. Saa tatu asubuhi unapanda kusoma namba. Saa tisa alasiri unapanda tena. Unatoa ile ya asubuhi, unagawa kwa saa sita, unapata mwendo wa upepo.

Usiidharau hesabu hiyo. Watu wa pamba waliingoja kila siku, kwa sababu ukinyunyiza dawa upepo ukiwa na fujo, inakwenda kwenye migomba na visima vya watu. Mainjinia walikuja kunakili madaftari yetu kabla ya kusimamisha minara. Na mahakama nayo, kama utakavyosikia.

Wiki yangu ya kwanza niliandika kila kitu kinyumenyume. Niliona mfuko umeinama kuelekea Tororo, nikaandika upepo ni wa Tororo. Siku sita! Ochwo alipogundua alikaa chini akacheka mpaka akavua miwani.

"Egesa," akasema, kwa Kiswahili chake cha upande ule, "upepo ni kama mgeni. Sisi nauliza yeye natoka wapi. Kwenye nakwenda, hiyo ni shauri yake."

Sikuwahi kukosea tena. Alikuwa na namna hiyo ya kufundisha. Siku moja alikuja mkulima mzee wa jirani na kituo na ombi zito: tuvisimamishe vikombe kwa wiki moja tu, maana vinapozunguka vinafukuza mvua isinyeshe kwenye shamba lake la wimbi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka. Ochwo akanikazia macho, akamshika mzee mkono, akampeleka mpaka chini ya mlingoti.

"Baba, hii hapana fukuza kitu," akamwambia. "Hii naandika tu."

Mzee akavitazama vikombe kwa muda mrefu. "Kama inaandika tu," akasema, "basi iandike vizuri." Akaenda zake.

Sasa sikia habari ya mafuta, kwa sababu kila kitu kilitokea hapo. Vikombe vinazunguka juu ya beringi. Beringi ikikauka au ikiingiwa na vumbi, vikombe vinakuwa vizito, na vikiwa vizito vinasema upepo ni mdogo kuliko ulivyo. Havisimami, maana vingesimama ungejua. Vinazunguka vizuri tu, na vinadanganya. Kwa hiyo kila mwezi unapanda na chupa ya mafuta mepesi, yale ya cherehani, unadondosha tone moja. Ukizidisha yanashika vumbi. Kisha unaweka mdomo karibu na kikombe na kupuliza, kama unapoza uji. Vikombe vikianza kwenda kwa pumzi yako, ni vizima. Ukishuka, unatia tiki kwenye daftari la matunzo, tarehe na sahihi.

Mwaka ninaouzungumzia, Ochwo alichukua likizo ndefu kwenda Paya kumwuguza baba yake. Akaniachia kituo. Alinikabidhi funguo akasema maneno mawili tu: "Mafuta. Puliza."

Mwezi wa kwanza wa likizo yake, siku ya mafuta, mvua ilinyesha, ngazi ikawa na utelezi, nikasema kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Mwisho wa mwezi nikatia tiki ili daftari lisiwe na pengo. Mwezi wa pili nilikuwa na miadi Busia na msichana mmoja, na hata huyo msichana sikuja kumwoa. Nikatia tiki nikiwa nimevaa viatu vya kutokea, mguu mmoja tayari kwenye pedali.

Mchana mmoja wa mwezi wa tatu, mbingu ilifunga kutoka upande wa ziwa. Ilikuwa yapata saa nane na nusu. Kuku walikimbilia chini ya ofisi. Kisha upepo ukaja wote kwa mara moja, bila kuanza taratibu. Karai la maji liliruka uzio. Migomba ya jirani ilivunjika katikati, mmoja baada ya mwingine, na mfuko wa uwanjani ulichanika ukabaki utepe. Nilijishikilia kwenye nguzo ya mlango nikavitazama vikombe.

Vilikuwa vinazunguka polepole, kama punda wa kusaga nafaka.

Nilijua pale pale. Baada ya robo saa kila kitu kilitulia, ikabaki mvua. Saa tisa nilipanda, nikasoma namba, nikatoa, nikagawa. Ulikuwa upepo wa kawaida, wa kuanika nguo. Kwenye fomu kulikuwa na safu nyingine, ya makisio ya macho: unaandika ulichokiona kwa miti na majani. Nilikaa na kalamu juu ya safu ile. Nikiandika nilichokiona, mtu atauliza mbona macho na chombo havipatani. Basi nikaandika macho yangu yakubaliane na chombo.

Jioni ndipo habari zilipofika. Kule kijijini Kwapa, paa la mabati la shule mpya lilikuwa limenyanyuka lote pamoja na mbao zake za kenchi, likaangukia darasa la upande wa pili. Mwalimu alivunjika mguu. Msichana mmoja wa darasa la pili, Amoding, alikufa.

Fundi aliyeezeka lile paa aliitwa Wandera, Msamia kama mimi, ila yeye wa Majanji, ziwani upande wa Uganda. Hakuwa fundi wa kubahatisha. Alikuwa ameezeka makanisa na maghala ya pamba kutoka Lumino hadi Tororo, na watu walisema paa la Wandera unaweza kulichezea ngoma. Alishtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Yeye alijitetea kwa neno moja: upepo. Alisema haukuwa upepo ambao fundi yeyote angeutegemea. Basi upande wa mashtaka ukauliza swali lililokuwa sawa kabisa kuulizwa: nani anapima upepo sehemu hizi?

Nikaitwa mahakamani na daftari langu.

Nakumbuka chumba kile kilivyonuka makoti mabichi. Wandera alikuwa amesimama pembeni, mtu mfupi, mikono mikubwa. Aliponiona alinisalimia kwa lugha yetu, taratibu, akatabasamu kidogo. Nadhani alifurahi. Aliona mtu wa chombo amekuja, sasa ukweli utapatikana.

Mwendesha mashtaka alinyanyua fomu. "Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu, bwana."

"Tusomee upepo wa mchana ule."

Nikasoma. Watu wakanong'ona.

"Na ulivyoona kwa macho?"

Nikasoma hiyo nayo.

"Chombo kilikuwa kizima?"

Hapo, kijana, ndipo palipokuwa na nafasi. Haikuwa ndogo. Hakimu alikuwa ameinua kalamu akingoja, na hakuna aliyekuwa ananiharakisha. Ningeweza kusema kwamba beringi ilikuwa kavu. Ningeweza hata kusema jambo lisilonihukumu, ambalo Ochwo alinifundisha mapema kabisa: namba ile ni wastani wa saa sita, na dhoruba ya robo saa hupotea ndani yake hata chombo kikiwa kizima. Lakini nilihofia kwamba nikigusa uzi mmoja, wote utafumuka.

"Kilikuwa kizima," nikasema. "Kinatiwa mafuta kila mwezi. Imeandikwa."

Wandera alinitazama. Hakuwa na hasira. Alitazama kama mtu aliyeambiwa jambo geni kuhusu mwili wake mwenyewe.

Alifungwa miaka miwili.

Ochwo alirudi baada ya kumzika baba yake, nywele amenyoa. Alisikiliza habari ya kesi nikimsimulia hadi mwisho. Akachukua ngazi. Alipanda na shati lake jeupe, nikamwona akiinama juu ya vikombe. Akaniita.

"Egesa, kuja hapa juu."

Nikapanda.

"Puliza."

Nikapuliza. Vikombe havikutikisika. Nikapuliza tena mpaka masikio yakaziba.

"Wewe natia mafuta lini?"

"Mwezi uliopita, mzee."

Akashuka, akafungua daftari la matunzo mezani, akaweka kidole kwenye tiki zangu. "Kitabu nasema ndiyo. Vikombe nasema hapana. Mimi naamini nani?"

Alingoja sana. Angeweza kunipigia kelele, na laiti angefanya hivyo, labda ningelia nikasema. Alinipa siku tatu. Kila asubuhi aliniuliza kama nina barua ya kumpa, nami nikasema sina. Siku ya nne aliwaandikia wakubwa yeye mwenyewe. Alieleza kwamba kipimaupepo cha kituo chake hakikuwa kizima siku ya maafa, namba isitegemewe, na lawama ni yake kama mkuu. Jina langu hakulitaja hata mahali pamoja. Niliisoma barua ile kwenye nakala ya kaboni baada ya yeye kwenda nyumbani.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Yalisema kumbukumbu za kituo zinaonyesha chombo kilitunzwa ipasavyo, na kwamba shahidi alithibitisha hayo kwa kiapo. Yalimwuliza mkuu wa kituo, ambaye siku hiyo hakuwepo kazini, ana sababu gani ya kumtetea mfungwa. Kabla mvua za mwaka huo hazijaisha alihamishiwa kituo cha mbali sana kaskazini, kwenye joto na vumbi. Alifungasha vitu vyake kwenye sanduku moja. Aliacha funguo na chupa ya mafuta juu ya meza, akanipa mkono, akasema, "Kazi njema." Ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Nikakalia kiti chake. Nikapandishwa cheo.

Utauliza nilikuwa nikijisikiaje. Nilikuwa nakula, nalala, nikaoa. Beringi niliitia mafuta kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Ila sikuweza kupita chini ya paa jipya la mabati bila kuangalia juu.

Wandera alipotoka gerezani, nilisikia hapokei tena kazi ya kuezeka. Nikadhani watu wamemkataa. Mwaka ukapita, na mwingine, na zile habari zikawa zinanila. Siku moja ya Jumapili nilipanda baiskeli nikateremka mpaka Majanji.

Nilimkuta kwenye mwalo wa wavuvi, ufukweni mwa ziwa, karibu na vichanja vya kuanikia samaki. Alikuwa anatengeneza kichanja, fito na kamba, kazi ya kimo cha kiuno. Alinitambua mara moja. Akaniletea kigoda, mkewe akaleta maji ya kunywa, akatuacha. Nikamwambia yote kwa lugha yetu. Tiki. Msichana wa Busia. Vikombe vizito. Barua ya Ochwo na majibu yake. Nilisema nikitazama mikono yake, maana usoni sikuweza.

Alikaza fundo la kamba, akalifungua, akalikaza tena.

"Kwa hiyo upepo haukuwa ule uliousoma," akasema.

"Haukuwa ule."

"Ulikuwa na nguvu kiasi gani?"

"Sijui, fundi."

"Unasema nini?"

"Haukuandikwa popote. Kituoni ulivunja migomba. Lakini Kwapa ni mbali na kituo, huenda kule ulizidi, huenda ulipungua. Hakuna wa kujua sasa."

Akaweka chini kamba aliyokuwa ameishika. "Mimi watu hawakunikataa," akasema. "Walikuja hapa kuniomba, hata mapadre. Nimekataa mwenyewe. Mwanzo gerezani nilisema chombo kimekosea, mimi nakijua nilichokijenga. Kisha nikasema, Wandera, chombo hakina ugomvi na wewe, kwa nini kikudanganye? Nikaanza kuhesabu misumari. Kila siku nahesabu ile misumari, safu kwa safu. Kuna kona moja siikumbuki. Nimeshindwa kuikumbuka mpaka nimeamini niliiacha." Akanitazama. "Nilipokuona unakuja na baiskeli, nilidhani umeniletea jibu."

Nikamwambia tutaenda kwa hakimu, nitakula kiapo upya, nitaandika kwa wakubwa. Akatikisa kichwa. Aliniuliza swali moja tu: "Wazazi wa yule mtoto umewaambia?"

Sikuwa nimewafikiria. Nakuambia kweli tupu. Kwa miaka yote ile nilimfikiria Wandera, nikamfikiria Ochwo, nikajifikiria mimi zaidi ya wote. Wale wa Kwapa sikuwa nimewawaza.

"Wao wanalala wakijua ni mimi," akasema. "Anza na wao."

Barua kwa wakubwa niliiandika, nikaituma kwa mkono wangu. Ilijibiwa kwa karipio katika faili langu na maneno kwamba suala lilikwisha kuamuliwa. Kazi sikufukuzwa. Ochwo alikuwa amekwisha kufia huko huko kaskazini kwa homa, kwa hiyo hapakuwa na wa kurudishiwa jina lake. Wandera hakuezeka tena hadi alipokufa. Nyumba yake mwenyewe waliezeka majirani.

Na Kwapa nilikwenda. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Niliulizia njia, nikaonyeshwa boma lenye ua wa minyaa. Mama yake Amoding alikuwa uani, anaanika mihogo juu ya mwamba bapa, vipande kwa vipande, anavigeuza kwa kiganja. Nilijua ni yeye kwa sababu nilikuwa nimemwona mahakamani, kwenye benchi la mbele. Yeye hakunikumbuka. Siku ile macho yake hayakuwa kwangu.

Akanisalimia kwa Kiteso, kisha kwa Kiswahili. "Karibu. Wewe natafuta nani?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nilikuwa hata nimeshasimamisha baiskeli.

"Nimepotea, mama," nikasema. "Natafuta barabara ya Tororo."

Akafuta unga mikononi kwa kanga. Akaacha kazi yake, akatoka nje ya ua, akatembea nami hadi pale njia zinapogawanyika, mwendo usio mfupi. Akanyoosha mkono akanionyesha barabara ambayo niliijua kuliko yeye, akaniambia nishike upande wa kushoto, nisiogope, si mbali.